Likasi: redio inaponyamaza, nani anajua sababu?

Nyuma ya studio ya redio moja ya jamii hapa Likasi, kwenye ukuta wa chumba chembamba, kumefungwa kisanduku cha chuma kinachotoshea kiganjani. Kingine kama hicho kiko juu ya kilima, chini ya mnara wa redio. Kati ya hivyo viwili umepita uzi wa kioo, kilometa sita hivi, ukining'inia nguzo kwa nguzo juu ya barabara, mashamba ya muhogo na mapaa ya watu. Wasikilizaji wengi hawajui kama vipo. Lakini kila jioni saa 18:30, saa ya matangazo ya watu wanaotafutana, sauti ya mtangazaji hupita humo kwanza ndipo ifike kwenye mnara, na kutoka mnarani iingie katika redio ndogo za betri huko Kikula, Panda na Shituru.

Familia zilizohama zinaijua saa hiyo vizuri. Ndiyo saa ya kusikia kwamba mtoto aliyepotea njiani ameonekana, kwamba mzee fulani amefika kwa ndugu zake, kwamba barabara fulani imefunguliwa au haijafunguliwa. Kwa hiyo habari za visanduku hivi si za mafundi peke yao.

Tuanze na kazi yake. Kompyuta ya studio inatoa sauti kwa njia ya kebo ya rezo, ile ya kawaida yenye nyuzi nane za shaba ndani. Kebo hiyo ni nzuri ndani ya nyumba, lakini kipimo chake ni mita 100. Ukizidisha, mapigo ya umeme yanachoka na kuchanganyikana. Kutoka studio hadi kilimani si mita 100. Basi kisanduku cha kwanza, ambacho mafundi wanakiita konvertisa na ambacho kwa Kiswahili kinaweza kuitwa kigeuzi, kinapokea mapigo ya umeme kutoka kwenye shaba na kuyageuza kuwa mapigo ya mwanga. Mwanga unakimbia ndani ya uzi wa kioo, kilometa laki mbili hivi kwa sekunde moja. Kule juu kigeuzi cha pili kinaupokea na kuurudisha kuwa umeme wa kebo ya shaba, kisha mashine ya kurushia inaendelea na kazi yake kama vile studio iko chumba cha jirani. Uzi mzuri wa namna hii, wenye njia nyembamba ya mwanga kuliko unywele, unaweza kwenda kilometa 20, 40, hata zaidi, bila kuhitaji kusaidiwa katikati.

Watu wa Katanga wana mfano mkubwa wa jambo hili, na wameishi nao tangu 1982. Umeme wa Inga unasafiri karibu kilometa 1,700 hadi Kolwezi ukiwa wa mkondo mmoja, kwa sababu huo ndio unaovumilia safari ndefu bila kupoteza nguvu nyingi. Kule Inga unageuzwa kabla ya kuondoka; Kolwezi unageuzwa tena uwe umeme ambao viwanda na nyumba vinaweza kuutumia. Kigeuzi mwanzoni, kigeuzi mwishoni, na katikati safari ndefu. Kisanduku cha redio ni mjukuu mdogo sana wa kituo cha Kolwezi.

Kuna mzaha katika jambo hili, na fundi wa redio, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, hausahau. Likasi ni mji wa shaba. Kabla haujarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966, uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni zilizokuja kuchimba shaba hiyo. Babu wa fundi alifanya kazi Shituru, kwenye mabafu ya asidi ambamo shaba inasafishwa. Sasa mjukuu anafurahi kwamba sauti ya redio haipiti tena kwenye shaba. Na mwaka huohuo 1966, huko Uingereza, Charles Kao na mwenzake George Hockham walichapisha andiko lao lililoonyesha kwamba tatizo la kioo si kioo chenyewe bali uchafu uliomo ndani yake, na kwamba kioo safi kinaweza kubeba mwanga mbali sana. Kao alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2009. Hapa Likasi wakati ule hakuna aliyekuwa akifikiria kioo.

Sababu za kuikimbia shaba ni mbili, na mtu yeyote wa hapa anazijua. Ya kwanza ni wizi. Waya wa shaba ukilala nje usiku mmoja, asubuhi umekwenda kwa wanunuzi wa mitraye. Uzi wa kioo hauna bei kwao. Hata hivyo mwizi hawezi kuona kilicho ndani mpaka akate, na akishakata, hasara imeshatokea hata kama anatupa kipande na kwenda zake. Ndiyo maana kwenye nguzo kadhaa fundi ameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA SHABA NDANI. Anasema ni tangazo la maana kuliko yote aliyowahi kuandika. Ya pili ni radi. Katika miezi ya mvua, tangu Novemba hadi Machi, kilima cha mnara kinapigwa mara nyingi. Zamani radi ikipiga huko juu, ilishuka na waya hadi studio na kuunguza kompyuta. Kioo hakipitishi umeme. Radi ikipiga kilima sasa, hasara inabaki kilimani.

Lakini vigeuzi vya kwanza vilivyonunuliwa havikuwa hivi vya leo. Vilikuwa vya bei rahisi, vyenye taa mbili tu za kijani na bila namna yoyote ya kuulizwa kitu kwa mbali. Taa ikiwaka, mambo yanakwenda. Isipowaka, kuna tatizo. Tatizo gani, wapi, tangu lini, kisanduku hakisemi.

Jioni moja katika msimu wa mvua, redio ilinyamaza katikati ya kusoma majina. Mtangazaji hakujua, ndani ya studio kila kitu kilikuwa kinaendelea, akasoma hadi mwisho. Nje watu walisikia upepo tu. Fundi alitazama kigeuzi cha studio: taa ya upande wa shaba inawaka, ya upande wa kioo imezimika. Hiyo ingeweza kuwa uzi uliokatika mahali popote katika zile kilometa sita. Ingeweza kuwa kigeuzi cha juu kimeungua. Ingeweza kuwa umeme wa kilimani umekatika tu, kwa sababu delestaji haina ratiba ambayo mtu anaweza kuapa nayo. Alipanda pikipiki katika matope hadi kilimani akiwa na koili ya uzi, mashine ya kuungia aliyoiazima, na tochi. Alikuta umeme umesharudi na kila kitu kinafanya kazi. Alishuka. Alipofika chini, umeme wa juu ulikuwa umekatika tena.

Wakati huo, mbele ya mlango wa redio walikuwa wamekusanyika watu kama kumi na watano, wengi wao akina mama. Walikuwa wametembea gizani kutoka nyumba walizopokelewa. Mmoja wao alikuwa amesikia jina la kwanza la mtoto wake likitamkwa, kisha upepo. Alitaka kujua kama ukoo uliofuata ulikuwa wake.

"Yaya, nini imepita?" alimwuliza fundi. Fundi hakuwa na jibu. Mtangazaji alileta karatasi, wakatafuta jina chini ya tochi. Alikuwa mtoto mwingine.

Mtu ambaye hajawahi kuhama anaweza kuona hilo ni jambo dogo: redio imekatika, kesho itarudi. Lakini waliohama wanaujua ukimya wa namna hii. Simu ya ndugu uliyemwacha nyuma imezimika. Je, ni betri? Ni rezo ambayo haiko? Amekosa pesa ya mega? Au ni lile jambo ambalo hakuna anayelitamka? Ukimya ni uleule kwa sababu zote nne, na mtu analala nazo zote. Mwaka 1992 na 1993, kwenye stesheni ya gari moshi ya Likasi, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa makwao zilikaa majuma na miezi zikingoja treni, nyingi bila kujua ndugu zao wa Kolwezi au kwingine wako wapi. Baadaye watu wa Mitwaba, Pweto na Manono walikimbia vijiji vyao wakati wa vita vya Bakata Katanga. Na tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, familia za upande wa mashariki zimetawanyika nchi nzima, kila moja na namba za simu ambazo hazijibu.

Baada ya usiku ule, kamati ya redio ilikaa. Pesa zilikuwa kidogo. Wengine walitaka mafuta ya jenereta, na hawakuwa na kosa. Redio bila umeme ni sanduku. Wengine walitaka maikrofoni mpya. Fundi aliomba jozi nyingine ya vigeuzi, vile vinavyosimamiwa kwa mbali, ambavyo bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza. Alipoulizwa kama vitaongeza nguvu ya redio, alijibu kwamba hapana. Kama vitazuia delestaji? Hapana. Basi kazi yake nini? Vitasema, alijibu. Vikizimika vitasema kwa nini. Mzee mmoja wa kamati alicheka kwamba wananunua mashine ya kulalamika. Lakini mama mmoja aliyeketi pale kwa niaba ya familia zilizopokelewa alielewa haraka kuliko wengine wote, na alipopiga kura yake pesa zikapatikana.

Ndani ya kigeuzi cha namna hii kuna kompyuta ndogo sana. Ina anwani yake kwenye rezo, na fundi anaweza kuiuliza mambo akiwa studio au akiwa nyumbani kwake akila bukari, na kama intaneti inakwenda, hata akiwa Lubumbashi, kilometa 120 kutoka hapa. Inamwambia kama kebo ya shaba ya kule kilimani imechomekwa. Inamwambia joto la ndani ya kisanduku. Anaweza kuiagiza ifunge mlango wake mmoja na kuufungua tena, na ikiwa kigeuzi ni cha aina inayotoa umeme kupitia kebo ileile ya shaba, anaweza kuizima na kuiwasha mashine iliyounganishwa nacho. Mara nyingi hilo ndilo tu lililokuwa linahitajika. Safari ya kilimani inageuka kuwa kubonyeza kidole.

Jambo ambalo fundi analipenda kuliko yote, hata hivyo, lina jina la kuhuzunisha. Wataalamu waliliwekea utaratibu katika kanuni za Etaneti mwaka 2004, na wanaliita pumzi ya mwisho. Ndani ya kigeuzi cha mbali kuna akiba ndogo mno ya umeme, ya kutosha sehemu ndogo ya sekunde. Umeme wa kilimani ukikatika ghafula, kisanduku kinatumia akiba hiyo kufanya jambo moja kabla ya kuzimika: kinatuma ujumbe kwa mwenzake wa chini kwamba kinakufa kwa kukosa umeme. Basi. Kisha giza.

Kwa ujumbe huo mmoja, maswali ya usiku ule yanapata majibu. Pumzi ya mwisho ikifika, uzi ni mzima na tatizo ni umeme. Hakuna haja ya koili wala mashine ya kuungia, fundi atafute betri au angoje. Mwanga ukipotea bila pumzi ya mwisho, huenda uzi una tatizo mahali fulani au kigeuzi cha juu kimeungua, na hapo ndipo aende na koili. Mwanga ukiwepo lakini mlango wa shaba wa kilimani umekufa, ni kebo ile fupi au mashine ya kurushia. Sababu tatu, safari tatu tofauti, na moja kati ya hizo si safari kabisa.

Kigeuzi pia kinapima nguvu ya mwanga unaofika. Fundi ana daftari la shule ambamo kila Jumatatu anaandika namba hiyo. Majuma mengi ilikaa palepale, desibeli 9 chini ya sifuri, ikipanda au kushuka kidogo. Kisha ikawa 11, kisha 12, kisha 15. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga imekwenda. Kwa hiyo kutoka 9 hadi 15 ilikuwa imebaki robo. Redio ilikuwa bado inasikika vizuri na hakuna msikilizaji aliyelalamika. Alitembea kwa miguu chini ya uzi mzima, nguzo kwa nguzo, akauona: tawi la mwembe lilikuwa limekua na kuusukuma uzi mpaka ukapinda vibaya kwenye kishikio chake, na mwanga ulikuwa unavuja kwenye kona hiyo. Upande wa pili wa nguzo mtu alikuwa amefunga kamba ya kuanikia nguo. Mwenye mwembe alikubali tawi likatwe kwa sharti la kubaki na kuni. Kamba ya nguo ilihamishwa bila maneno mengi. Jumatatu iliyofuata daftari lilionyesha 9 tena.

Mtu akiweza kukiamuru kisanduku kwa mbali, mtu mwingine naye anaweza. Hapo redio nyingi ndogo zinalala usingizi. Vigeuzi hivi vinatoka kiwandani na neno la siri ambalo limechapishwa katika kitabu chake, na kila mwenye kitabu analijua. Aina za zamani za lugha ya kuvisimamia zinapitisha maneno ya siri waziwazi ndani ya rezo, mtu aliye katikati anayasoma. Iko aina mpya zaidi inayoyafunga, na hiyo ndiyo ya kutumia. Fundi alibadilisha maneno ya siri siku ya kwanza, akatenga njia ya usimamizi isichanganyike na ile ambayo wageni wa redio wanatumia kwa simu zao. Redio inayosoma majina ya watu waliohama, na mahali walipo, haiwezi kumwachia mtu asiyejulikana kitufe cha kuizima. Wala haipaswi kusoma kila kitu. Lakini hiyo ni kazi ya mtangazaji, si ya kisanduku.

Kuna swali jingine ambalo watu wa hapa wanaliuliza kwa haki: intaneti ikikatwa, itakuwaje? Wakongomani wanakumbuka kwamba tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kwa karibu majuma matatu. Jibu ni kwamba uzi kati ya studio na kilima ni wa redio yenyewe na hauzungukii kwenye intaneti. Vigeuzi viwili vingeendelea kuzungumza, sauti ingefika mnarani. Fundi tu asingeweza kuviuliza akiwa Lubumbashi; ingembidi aje studio na kukaa mbele ya kompyuta. Ndiyo sababu aliwafundisha vijana wawili wa redio kusoma namba zilezile, na daftari halitoki studio.

Delestaji bado ipo. Kilimani kuna betri mbili ambazo zinashikilia mashine saa chache, na zikichoka, redio inanyamaza kama zamani. Kilichobadilika ni karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa studio. Imeandikwa kwa mkono, na inaeleza mtangazaji afanye nini kwa kila sababu kati ya zile tatu, pamoja na namba za simu za watu sita katika mitaa ambako familia zilizohama zimepokelewa.

Mwezi uliopita, saa 18:40, pumzi ya mwisho ilifika. Kompyuta ya studio ilituma ujumbe kwenye simu ya fundi, naye alikuwa Panda kwenye kilio cha jirani. Hakuondoka. Alimpigia mtangazaji, mtangazaji akawaandikia wale sita: umeme wa kilimani umekatika, uzi ni mzima, majina yalikuwa yamefika namba nane, yataanza tena kutoka namba tisa kesho asubuhi. Usiku ule hakuna mama aliyetembea gizani hadi mlangoni pa redio. Asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Majina kumi na moja yaliyobaki yalisomwa, mara mbili kila moja.